Pesa Inafika Papo Hapo, Kitambulisho Kiko Wapi?



Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi baada ya Asr, alikuja kwenye meza yetu msichana wa miaka 19. Mnaotujua mnaijua meza yenyewe: deski la madrasa, viti viwili vya plastiki na boksi la faili. Alikuja na mamake. Mama ndiye aliyezungumza. Binti alikuwa ameshika simu tu, anaitazama kama mtu anayengoja iseme.

Binti amemaliza kidato cha nne na amepata nafasi ya chuo. Ili aombe mkopo wa HELB anatakiwa kuwa na kitambulisho. Alikwenda ofisi ya usajili na cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili na barua ya chifu. Akachukuliwa alama za vidole, akapigwa picha, akalipa ada kwa simu. Alinionyesha meseji ya malipo. Iliingia dakika ile ile aliyobonyeza, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Halafu akanionyesha hali ya ombi lake. Maneno mawili ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili chetu ni "linashughulikiwa." Leo ni miezi saba.

Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii kompyuta inashughulikia nini miezi saba?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lile tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike.

Kabla sijaenda mbali, naomba usinielewe vibaya. Mimi si katika wale wanaosema kompyuta za serikali ni balaa. Sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tulikulia kwenye foleni. Nakumbuka kwenda na marehemu babangu kufuata karatasi moja, tunaamka kabla ya Alfajiri, tunakuta watu wamekwishaweka mawe kushika nafasi. Ukifika dirishani unaambiwa faili halionekani. Nje kuna jamaa amesimama na bahasha, yeye ndiye anayejua faili liko wapi. Ukimpa kitu kidogo, faili linaonekana. Ilikuwa ni kawaida, hata hatukuita rushwa, tuliita "chai."

Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa Nairobi Novemba 2013, pale Posta kuu, na baadaye zikaenea kaunti zote. Mwaka 2014 ikaja eCitizen. Juni 2023 Rais Ruto akatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa humo, na malipo yote ya serikali yakapelekwa kwenye nambari moja, 222222. Nasema kwa haki: hiyo ni hatua. Leo mtu anaomba cheti cha tabia njema akiwa kwake Likoni. Anasajili jina la biashara usiku wa manane akiwa kitandani. Risiti iko kwenye simu, hakuna wa kumwambia kesho kwamba hakulipa. Yule jamaa wa bahasha kwenye mambo hayo hana kazi tena. Anayesema hakuna kilichobadilika anasahau tulikotoka.

Lakini hebu angalia vizuri ni mambo gani yaliyorahisika. Ni yale ambayo wewe unatoa pesa na serikali inakupa risiti au karatasi isiyo na mjadala. Kwenye kuchukua, kompyuta yetu iko macho saa 24. Ilifika mahali wazazi wakaamriwa hata karo ya shule ipitie kwenye eCitizen, mpaka Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo ilikwenda kinyume cha Katiba. Lakini fika kwenye lile jambo ambalo afisa anaweza kukutazama usoni akajiuliza kama wewe ni Mkenya. Hapo utaona kompyuta inarudi nyuma na binadamu anakaa mbele, na wewe humuoni.

Ndugu zangu, sisi tunajua kupigwa msasa. Novemba 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa mistari kuchujwa, na waliopita wakapewa kadi za waridi za kutembea nazo ndani ya nchi yao wenyewe. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa na jeshi la Waingereza, wamekaa mbele ya kamati za msasa miaka nenda miaka rudi, wanaulizwa hati ya babu aliyekufa kabla ya uhuru. Wapemba wa Kwale na Kilifi waliishi vizazi na vizazi wakivua samaki wa Kenya bila karatasi ya Kenya, mpaka 2023 walipotambuliwa rasmi. Na hapa Pwani uliza kijana yeyote mwenye jina la Kiarabu au la Kibajuni ameulizwa nini kwenye dirisha la pasipoti.

Februari 2025 Rais alikuwa Wajir, akatia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Tulifurahi, na tuliofurahi hatukukosea, kwa sababu dhulma hiyo ilitajwa hadharani na mkubwa wa nchi. Ila tangazo halibonyezi kitufe. Kitufe kinabonyezwa na mtu fulani, katika chumba fulani, na mtu huyo hakulazimishwa na tangazo lolote aandike kwenye kompyuta kwa nini faili hili limepita na lile limekaa.

Turudi kwa binti yetu. Mama aliniambia kwamba siku ya alama za vidole afisa alitazama jina la tatu akauliza, "Hili jina la babu ni la wapi?" Akajibiwa. Akaomba kitambulisho cha babu. Babu amefariki. Akasema sawa, tutaona. Jirani yao, rika lake, aliyekwenda wiki ile ile kwenye ofisi ile ile na ana jina la aina nyingine, alichukua kitambulisho chake baada ya wiki tano.

Sasa wewe unayesoma umeshatoa hukumu. Umeshasema ni jina. Mimi pia moyo wangu ulisema hivyo. Lakini nisikilize: mimi sina ushahidi. Pengine alama za vidole hazikutoka vizuri. Pengine herufi moja ya jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa haifanani na ile ya kitambulisho chake, maana sisi na Fatma, Fatuma na Fatima ni hadithi ndefu. Pengine fomu yake imeanguka nyuma ya kabati. Sijui, na kinachonikera ni kwamba sina njia ya kujua. Mwenye faili lililocheleweshwa kwa uzembe, mwenye faili lenye kosa, na mwenye faili lililokaliwa kwa sababu ya jina la babu yake, wote watatu wanasoma maneno yale yale mawili kwenye simu.

Hapo ndipo naposema teknolojia hii bado haijatumika kwa ajili yetu. Zamani ulipoonewa ulikuwa na uso wa kumtazama. Ulijua ni yule bwana wa dirisha la tatu mwenye miwani. Ungeweza kwenda kwa mkubwa wake, ungeweza kumpeleka kwa mbunge, ukishindwa ungemwombea dua mbaya kwa jina. Leo ukienda unaambiwa, "Ni sistimu." Sistimu haina jina, haina mkubwa, haiendi likizo. Afisa anakuonyesha skrini kana kwamba yeye na wewe ni wahanga wa kitu kimoja.

Nina mfano mwingine unaonitisha zaidi, kwa sababu humo kompyuta haikukosea hata kidogo.

Somalia ilipovunjika mwaka 1991 zikafunguliwa kambi za Dadaab, kule Garissa. Wakenya wanaoishi jirani na kambi walikuwa na shida zao: ukame umeua mifugo, hospitali iko mbali, shule hakuna. Ndani ya kambi kuna chakula, dawa na mwalimu. Familia nyingi za Wakenya zikajiandikisha kama wakimbizi ili watoto wale. Mzazi gani asingefanya? Watoto wakachukuliwa alama za vidole. Wakakua. Wakafika miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, kompyuta ikalinganisha vidole na ikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu ya vijana wa kaskazini mashariki wamekwama hapo kwa miaka. Hawapati laini ya simu kwa jina lao, hawapati kazi rasmi, hawapigi kura, na wengine wanaogopa hata kupanda basi kwenda Nairobi kwa sababu ya vizuizi vya polisi njiani.

Ile mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Vidole ni vile vile. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia kusema, "Ndiyo, vidole ni vyangu, lakini nilikuwa na miaka mitano na nilikuwa na njaa." Hakuna aliyejenga mlango huo, wakajenga ukuta tu. Na ajabu ni kwamba sheria inautaka mlango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zako zikiwa za uongo au za kupotosha, na inakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake kwenye jambo zito la maisha yako. Iko kwenye karatasi. Kwenye kaunta za Garissa tunaambiwa subirini tume ya kuwachuja.

Wapo kati yetu wanaosema dawa ni kujitenga. Kuna mzee mmoja hapa mtaani, nampenda na kumheshimu sana, kila zikitajwa alama za vidole anasimama baada ya swala na kusema ni mtego, tusipeleke vijana. Mzee wangu, naomba radhi, hapa sikubaliani nawe. Kijana asiye na kitambulisho hawezi kuwa na M-Pesa yake, anatumia laini ya binamu. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mtu mzima bila kitambulisho ana kazi hata kujiandikisha kwa matibabu. Akikamatwa usiku, kosa lake la kwanza ni kwamba hana kitambulisho. Tukikaa nje tunajichuja wenyewe, tunawapunguzia kazi.

Afadhali mfano wa Wanubi. Mwaka 2019 nchi nzima ilipopangwa foleni ya Huduma Namba, na tukaambiwa asiye nayo hatapata huduma, ni Nubian Rights Forum pamoja na wenzao waliokwenda mahakamani. Hawakusema hatutaki kusajiliwa. Walisema: sisi ambao tayari hatupewi vitambulisho, mkituletea namba inayotegemea kitambulisho mmetufuta kabisa. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakatoa uamuzi. Wakakataza kukusanywa kwa chembe za DNA na alama za mahali mtu anapoishi, na wakasema mpango usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha, maana walikubali kwamba watu wasio na karatasi wangeweza kuachwa nje. Serikali ikaendelea kutoa kadi, na Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zile hazikufuata sheria kwa kuwa hakuna aliyepima kwanza madhara kwa taarifa za watu. Fikiria pesa zilizoteketea. Kama wangewasikiliza Wanubi siku ya kwanza, ile pesa ingejenga madarasa mangapi?

Sasa tuko kwenye Maisha Namba, namba moja kutoka kuzaliwa mpaka kaburini. Nia yake naielewa. Usumbufu wa kubeba karatasi kumi ungeisha. Lakini namba moja inayofungua milango yote, ikikosekana imefunga milango yote. Kwa hiyo swali la nani ananyimwa, na kwa sababu gani, limekuwa zito zaidi kuliko wakati wa vitambulisho vya karatasi.

Kabla sijafika kwenye tunachotaka, kuna jambo linalonikereketa na hakuna anayelizungumza. Ni vijana wa saiba. Tukisema huduma ziko mkononi, tunamaanisha mkono wa nani? Nyanya yangu ana kabambe. Hana barua pepe. Alipotakiwa kuwa na akaunti, kijana wa saiba alimfungulia, akaweka barua pepe ya saiba, akachagua paswadi yeye, akaiandika kwenye daftari lake. Daftari lile lina paswadi za nusu ya mtaa. Yule kijana ni mwaminifu, namshukuru Mungu, lakini amana ya ukubwa ule hakupewa na mtu yeyote. Ameangukiwa nayo. Siku akihamia Nairobi, bibi zetu wote wamepoteza akaunti zao. Na vidole vya nyanya vimesuguliwa na makumbi miaka hamsini, mashine inavisoma leo, kesho inavikataa. Mara mbili amerudishwa nyumbani, anaambiwa apake mafuta arudi tena.

Tena lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kwa nini meseji anayotumiwa mama muuza mahamri kuhusu faili la bintiye ni ya Kiingereza cha kikarani? Sisi wenye diploma tunaifumbua. Yeye anaipeleka kwa jirani, na jirani sasa anajua mambo ya nyumba yake.

Ninachotaka hakihitaji kompyuta mpya. Mashine tunazo. Nataka ile sistimu inayojua kuniambia "malipo yako yamepokelewa" ijue pia kuniambia faili langu limefika meza gani, tarehe ngapi, na likisimama, limesimama kwa sababu ipi, kwa Kiswahili cha watu. Afisa akiamua kulishikilia, mfumo umkatalie kufunga ukurasa mpaka aandike sababu na jina lake. Jambo hilo ni dogo kwa fundi wa kompyuta, amini usiamini. Ukijaza fomu yoyote mtandaoni ukaruka kisanduku kimoja, inakwama, inaandika kwa rangi nyekundu kwamba lazima ujaze. Mbona ukali huo ni kwa mwananchi peke yake?

Halafu nataka hesabu. Serikali inaweza kujua leo jioni ni shilingi ngapi zimeingia 222222. Basi inaweza pia kujua ni vijana wangapi wa Kisauni walioomba vitambulisho mwaka huu, wangapi wamepata, na walingoja siku ngapi, na vivyo hivyo kwa Nyeri, Mandera, Kibera na Lamu. Itoe hesabu hizo kila mwezi kwa kila kaunti ndogo, bila majina ya watu. Zikionyesha kwamba Mandera wanangoja sawa na Nyeri, wallahi mimi nitakuwa wa kwanza kuandika hapa hapa kwamba tulikuwa tunalalamika bure. Zikionyesha vinginevyo, hakuna atakayeniambia tena kwamba ni hisia zetu.

Najua nitaambiwa usalama. Naomba tusilikwepe neno hilo, kwa sababu damu imemwagika. Garissa mwaka 2015 waliuawa watu 148 kwenye chuo kikuu, na Mpeketoni mwaka mmoja kabla yake watu walitolewa majumbani usiku. Serikali ina haki ya kuhakikisha kitambulisho hakiendi kwa asiyestahili. Mimi naitaka ihakikishe, mimi ndiye ninayekaa karibu na mpaka. Lakini niambie, msichana wa miaka 19 akiandikiwa "linashughulikiwa" kwa miezi saba, ni gaidi gani amezuiwa hapo? Kama kuna shaka, mwiteni, mwulizeni, andikeni. Anayetaka kweli kupata kitambulisho kwa njia haramu hangoji miezi saba, ananunua, na anayemuuzia yuko ndani ya mfumo. Kule ambako kila hatua ina jina na tarehe, muuzaji naye anaonekana.

Na kuna jambo inabidi nilikiri, hata kama linatuaibisha kidogo. Mwaka jana tulikuwa na kijana mwingine, fundi wa pikipiki, miezi tisa anangoja. Sisi tukapiga kelele. Tukaandika ubaguzi, tukaandika jina la babu, watu wakasambaza. Kisha tukamwandikia barua rasmi ya kuomba habari. Baada ya wiki mbili na nusu akapigiwa simu. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye droo ya ofisi hiyo miezi mitano, kimefika zamani. Meseji ya kumwambia aje achukue ilikwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu tarakimu moja ya nambari yake ya simu ilikosewa wakati wa kuandika. Alikuwa anapita mbele ya ofisi ile kila siku na pikipiki.

Tulicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Miezi mitano amefanya kazi bila kuweza kufungua akaunti. Na sisi tuliona ubaguzi mahali ambapo palikuwa na kosa la kidole tu. Ndivyo kimya cha ofisi kinavyofanya: mahali pasipo na dhulma watu wanaiona, na mahali ilipo hawawezi kuithibitisha. Maafisa wema nao wanaumia hapo, kwa sababu wanabeba lawama za wenzao.

Barua ile ndiyo nataka uijue, maana haina gharama na haihitaji wakili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iliyotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma kuhusu habari iliyo nayo. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Isipojibu, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wanaoitwa Ombudsman, na hapo pia hulipi. Usiandike malalamiko marefu. Usitukane. Andika jina lako, nambari ya ile karatasi ya kusubiri, tarehe uliyochukuliwa vidole, kisha uliza mambo mawili matatu: ombi langu liko hatua gani, nani analo, na kama limezuiwa, ni kwa sababu gani. Fanya nakala mbili. Ipeleke mwenyewe, na usiondoke kaunta mpaka nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Wakikuambia hawapokei barua za mkono, muulize kwa adabu anayekwambia hivyo jina lake na uliandike mbele yake. Mara nyingi muhuri unapatikana hapo hapo.

Na usifute meseji. Kuna watu wanafuta meseji ya malipo ili simu ipumue. Ipige picha ya skrini umtumie mtu wako wa nyumbani. Kila ukitazama hali ya ombi, piga picha tena. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, inasema maneno yale yale. Tukizikusanya picha hizo za vijana mia moja, tutakuwa na ile hesabu ambayo serikali haijataka kutoa, japo ni ya mtaa wetu tu.

Barua haifanyi miujiza. Katika zile tulizoandika, kuna zilizojibiwa vizuri, kuna zilizojibiwa kwa mstari mmoja usiosema kitu, na kuna zilizokufa kimya tukazipeleka kwa Ombudsman na bado tunafuatilia. Ila hakuna hata moja iliyomrudisha mtu nyuma zaidi ya alipokuwa. Nawaambia hivyo kwa sababu akina mama wengi wanaogopa kwamba wakiandika, faili litafungwa kabisa. Huyu mama wetu pia aliogopa. Alisema, "Wasije wakamkasirikia mtoto." Tulikaa naye mpaka karibu na Maghrib.

Mwishowe binti mwenyewe ndiye aliyevuta karatasi. Aliandika kwa Kiswahili, kwa mkono, kurasa moja na nusu, nikamfanya apunguze mpaka nusu ukurasa. Jumatatu asubuhi tulikwenda watatu. Karani alisoma mara mbili, akaenda nyuma, akarudi, akagonga muhuri. Binti akaipiga picha nakala yake pale pale kaunta kabla hata wino haujakauka. Leo Ijumaa ni siku ya 11.

Meza iko pale pale madrasa, Alhamisi baada ya Asr. Njoo na ile karatasi yako ya kusubiri.